Nywila na Sasisho: Historia Fupi ya Mlango wa Kompyuta hadi Bafwasende

Bafwasende imo katika Jimbo la Tshopo, kando ya barabara ya taifa namba 4, kama kilomita 260 kutoka Kisangani. Kompyuta iliyoko huko aghalabu huishi kwa umeme wa jua au wa jenereta, na mtandao wake hununuliwa kwa megabaiti, kama mafuta yanavyonunuliwa kwa chupa. Inapowashwa baada ya majuma kadhaa, mashine hiyo hudai mambo mawili: isasishwe, na mwenyewe athibitishe kuwa ndiye mwenyewe. Madai hayo mawili hayakuzaliwa siku moja, wala hayakuwa ya ukoo mmoja.

Nywila ndiyo kongwe. Katika mwaka 1961, huko MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya wote, kila mmoja alihitaji neno la siri la kulinda mafaili yake na saa alizogawiwa. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyeona saa zake hazimtoshi, aliagiza faili la nywila lichapwe, akajipatia nywila za wenzake wote. Mwaka 1966 mafaili mawili yalichanganyika, hata kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za watu badala ya tangazo la siku. Nywila, basi, ilivuja tangu utotoni. Lakini linalostahili kuzingatiwa zaidi ni sababu yake: ilikuwa kanuni ya nyumba ya shirika. Kompyuta ya binafsi ilipoenea katika miaka ya 1980, sababu hiyo ilififia. Mwenye mashine alibonyeza swichi akaanza kazi.

Sasisho lilikuja kwa njia nyingine. Mtandao ulipowaunganisha watu, kasoro ya programu iliyokuwa aibu ya mtengenezaji iligeuka kuwa hatari kwa mtumiaji. Tangu Oktoba 2003 kampuni ya Microsoft imetoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wanaoyadharau masasisho hawana budi kukumbuka Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilipoanza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150, hali kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Hoja ya watengenezaji, kwa hiyo, si ya uongo. Ila inachukulia kwamba mtandao ni kama hewa: upo, na haununuliwi.

Dhana hiyo ilipimwa vibaya katika mwaka 2016. Windows 10 ilikuwa imetolewa Julai 29, 2015, nayo ikaanza kujipakua yenyewe katika mashine za watu. Mnamo Juni 2016 mtumishi mmoja wa mradi wa Chinko, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, alieleza jinsi kompyuta zao zilivyoanza kuvuta gigabaiti 6 kwa njia ya setilaiti, katika pori ambako askari wa wanyama hutegemea muunganisho huohuo wanapokabiliana na majangili wenye silaha. Mwezi huohuo ilitangazwa kwamba mwanamke mmoja wa California alikuwa ameshinda kesi na kulipwa dola 10,000, kwa kuwa kompyuta ya biashara yake iliharibika baada ya kusasishwa bila idhini. Chinko haikuhitaji mahakama. Ilihitaji kitufe cha kukataa. Hadi leo Windows huweza kuambiwa kwamba muunganisho fulani una kipimo, isipakue ovyo. Hata hivyo, isipoambiwa, Wi-Fi itokayo katika simu huihesabu kuwa mto usiokauka.

Mikondo hiyo miwili ilikuwa imekwisha kukutana katika Windows 8, Oktoba 2012, ilipomwalika mtumiaji kuingia katika mashine yake kwa akaunti iliyotunzwa mbali. Mwaliko huo uligeuka sharti katika toleo la nyumbani la Windows 11, mwaka 2021. Nywila ya nyumba ya shirika ilikuwa imerudi, safari hii katika chumba cha mtu mmoja. Matokeo yake huonekana njiani. Mwanafunzi abadilishaye nywila kwa simu akiwa Kisangani, kisha akaiwasha kompyuta yake Bafwasende pasipo mtandao, atakataliwa na neno jipya. Mashine haijapata habari, bado inangoja lile la zamani. Tena uthibitisho hutegemea tarakimu zinazotumwa kwa simu. Serikali ya Kongo ilipofunga intaneti na ujumbe mfupi baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, kwa muda wa karibu siku 20, aliyedaiwa tarakimu hizo hakuwa na pa kuzipata.

Istilahi zenyewe zina la kusema. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili. Huko Kisangani, hata hivyo, mashine nyingi husema Kifaransa, na watu husema "mise à jour", yaani kuleta hadi siku ya leo. Kiswahili kimechukua kielezi "sasa" na kukinyambua: kusasisha ni kufanya kitu kiwe cha sasa. Kwa fundi wa Bafwasende hilo si tamathali ya usemi. Betri ndogo ya saa ikifa ndani ya kompyuta iliyokaa bila umeme, mashine huamka ikidhani ni mwaka uliopita zamani. Vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kama havijaanza kutumika, na mlango wa akaunti hufungwa. Kinyume chake kilitokea Septemba 30, 2021, muda wa cheti kimoja cha msingi ulipokwisha, na kompyuta nyingi zisizosasishwa zikashindwa kufungua tovuti zilizokuwa nzima kabisa. Zilikuwa na saa sahihi na "sasa" iliyopitwa.

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa viraka vya kawaida. Windows 11 hudai kijenzi cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina, nazo ndizo zinazofika Bafwasende zikiwa zimekwisha kutumiwa kwingine. Watu binafsi waliruhusiwa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026: wengine kwa dola 30, wengine bure. Lakini aliyelipa na asiyelipa wote walitakiwa kwanza kuingia kwa akaunti.