Seva na programu ya tovuti zinavyoshirikiana kumtambua mtumiaji

Mfanyakazi anayefungua tovuti ya ndani ya ofisi mara nyingi hulazimika kuandika neno la siri mara mbili: kwanza kwa seva, kisha kwa programu inayoendesha tovuti hiyo. Usumbufu huo huondolewa kwa kuiachia seva kazi ya utambuzi, nayo programu ikaliamini jibu lake.

Katika seva ya Apache, mtumiaji akishathibitishwa, jina lake huwekwa katika nafasi iitwayo REMOTE_USER, iliyoainishwa katika kanuni za CGI zilizochapishwa Oktoba 2004 kama RFC 3875. Programu iliyojengwa kwa Django, kwa mfano, inaweza kulisoma jina hilo na kumfungulia mhusika akaunti yake bila kuliona neno la siri.

Hatari huja pale programu inapokaa kwenye mashine nyingine, nyuma ya seva ya mbele. Hapo jina hupelekwa kwa mstari wa utangulizi wa ombi la HTTP, na mstari wa namna hiyo mtu yeyote anaweza kuuandika. Seva ya mbele isipoufuta ule utokao nje kabla ya kuweka wake, mgeni atajiandika "msimamizi" na kupokewa kwa heshima zote. Aidha, programu isipokee maombi yasiyopitia seva hiyo.

Utaratibu wa Basic, ulioelezwa katika RFC 7617 ya mwaka 2015, haulifichi neno la siri. Hivyo HTTPS ni lazima. Kutoka nako kuna matata: kwa kawaida kivinjari huendelea kulituma neno hilo hadi kifungwe, hata kama programu imekwisha kumuaga mtumiaji.