Pemba na Mashua za Meli London

Mwandishi akiigusa Pemba hukimbilia karafuu. Akizidi sana atapita Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, na Pujini kwenye magofu ya mtawala wa zamani Mkama Ndume, kisha huyo, kapanda boti Mkoani karudi zake Unguja. Ile pwani ya magharibi yenye visiwa, mikoko na milango ya Fundo na Kokota haimshughulishi. Mimi naona habari yenyewe imelala huko.

Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Kila mwenye shamba Pemba akataka watu wa kuchuma. Mwaka uliofuata Sultani Seyyid Barghash, akibanwa na Waingereza, akatia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Kilichobaki ni magendo: jahazi liking'oa nanga Pangani jioni na upepo ukalikubali, alfajiri limeshajificha mikokoni Pemba.

Kuzuia hilo Waingereza wakaleta HMS London, meli kongwe ya mbao iliyoshushwa majini mwaka 1840 na kupigana Sevastopol. Mwaka 1874 ilitiwa nanga Unguja, ikawa ghala, hospitali na karakana. Maseremala waliziba mashua zilizopasuliwa na miamba, mafundi chuma wakarekebisha mitambo ya mashua za moshi, nazo zikarudi kuvizia Pemba. Unguja palikuwa pa kutengenezea. Mabaharia walikokesha usiku na kupigwa risasi ni Pemba.

Tarehe 3 Disemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa meli hiyo, alikuwa karibu na Pemba ndani ya mashua ya moshi. Akaliendea jahazi la Hindi bin Hattam lililobeba watumwa na kupeperusha bendera ya Ufaransa. Alitaka kuona hati tu, hakujiandaa kwa vita. Watu wa jahazi wakawafyatulia risasi na kuwarukia. Kapteni akashika bunduki kwa mtutu, akapiga nayo mpaka akauawa. Lloyd Mathews, aliyekuja na meli hiyohiyo kisha akawa mkuu wa jeshi la Sultani, alimsaka Hindi, naye akafa kwa majeraha.

Masimulizi ya Kiingereza yanaishia kwenye ushujaa wa kapteni. Ushujaa wake sibishani nao. Nabishana na namna watumwa waliokuwamo jahazini wanavyopita kama shehena, na namna ile bendera inavyotajwa juujuu. Jahazi lenye hati za Kifaransa halikuwa likipekuliwa na Waingereza, na wenye magendo walilijua hilo vizuri. Serikali ya London iliweza kumbana Barghash, ya Paris haikubanika.

Wala doria haikuumaliza utumwa Pemba. Meli iliuzwa mwaka 1884 ikavunjwavunjwa, na mashamba yakaendelea na watumwa wake. Himaya ya Uingereza ikaja mwaka 1890, amri ya kuufuta utumwa mwaka 1897, Mapinduzi mwaka 1964, na leo bandari ya Mkoani ni ya abiria na mizigo.

Habari hii ina pa kuwekwa: sehemu kubwa ya ngome ya Chake Chake, hapo Pemba, ilibomolewa kupisha hospitali, na kilichosalia kikafanywa makumbusho. Wanaoyasimamia makumbusho hayo nawaomba ukuta mmoja: ramani ya milango ya magharibi, njia ya Pangani, na habari ya jahazi lile, ikianza na waliofungiwa ndani yake.