Siku 90 na Pauni 50: Wahindi wa Uganda Walibeba Nini Kwenda Uingereza?

Siku hizi mtu akipata viza ya London, vita vyote viko kwenye kilo 23. Unga uingie au jaketi? Begi linapimwa, linafunguliwa, linapimwa tena, na shangazi bado anasukumia kopo la achari. Kikibaki kitu, poa tu, kitatumwa baadaye.

Sasa rudi hadi 1972. Tarehe 4 Agosti, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda. Muda wakapewa siku 90, na amri ikaja kugusa wengine pia. Wengi wao walikuwa wazaliwa wa Kampala, Jinja au Mbale. Uingereza walikuwa wanaisikia tu redioni.

Kila familia iliruhusiwa kutoka na pauni kama 50 hivi. Nyumba, duka, gari, pesa za benki, vyote vibaki. Hapo swali la begi likageuka. Si tena "nitahitaji nini huko?" bali "nini hawataninyang'anya?"

Wengi waliwaza dhahabu. Kwenye familia za Kihindi bangili si urembo peke yake. Ni akiba ya mwanamke, benki anayotembea nayo mkononi. Ila kati ya Kampala na uwanja wa ndege wa Entebbe kulikuwa na vizuizi vya askari. Mabegi yalipekuliwa, saa zikavuliwa, vito vikaenda. Mwenye kubeba cha thamani ndiye aliyetetemeka zaidi njia nzima.

Halafu kuna baridi. Ndege ya kwanza ya kuwahamisha ilitua Stansted tarehe 18 Septemba ikiwa na watu 193. Majira ya baridi yalikuwa yanabisha hodi, na kina mama walishuka na sari nyepesi. Makoti waliyokuja kuvaa hayakutoka kwenye mabegi yao. Waligawiwa na watu wa kujitolea, nguo za mtumba, kisha wengi wakapelekwa kwenye kambi za zamani za jeshi. Mtu aliyezoea kuuza nguo dukani kwake sasa anajaribisha koti lililovaliwa na mwingine. Inauma.

Na si kote walikofunguliwa mlango. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwaambia wasije kwao, kwamba nyumba na shule zimejaa. Wengi walienda hivyo hivyo, maana walikuwa na ndugu kule. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza kwa jumla, na maelfu wengine wakaenda Kanada na kwingineko.

Lakini kulikuwa na mzigo ambao askari wa barabarani hawakuuona. Ujuzi wa biashara, kwanza. Walianzia viwandani na kwenye vijiduka vidogo, na leo Belgrave Road ya Leicester ni mtaa wa sari, dhahabu na peremende za Kihindi. Pili, jiko. Mihogo ya kukaanga na pilipili iko kwenye menyu za migahawa yao, na wao huiita "mogo". Tatu, maneno. Karanga kwao ni "jugu", na kwenye Kigujarati cha bibi aliyelelewa Kampala utasikia kisu, fagio na sufuria, Kiswahili kabisa, katikati ya jiji la Uingereza.

Hilo halifuti dhuluma. Wapo waliorudishiwa mali zao miaka ya 1990, na wapo waliofariki bila kuiona tena nyumba waliyoifunga kwa mkono wao. Funguo ukiwa nazo na nyumba huna, ni chuma tu mfukoni.

Haya, wewe ungeambiwa leo una siku 90 na pauni 50, begi lako lingekuwa na nini? Na kichwani je?