Historia ya sukuma-vuta: Mbita ilivyokabili bungua, kayongo na kuvu

Sukuma-vuta ni kilimo kinacholinda mahindi na mtama kwa mimea mingine badala ya dawa za dukani. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, na shamba lote huzungushiwa nyasi za nepia. Desmodiamu hutoa harufu inayowafukuza nondo wa bungua, mdudu ambaye kiwavi wake hutoboa mashina, nayo nepia huwaita pembezoni. Mbinu hii ilizaliwa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, kisha ikaenea Siaya, Vihiga, Kisumu na nje ya mipaka ya Kenya.

Mbita ina kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na kituo hicho leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tatizo lililoshughulisha watafiti lilikuwa bungua. Aina mbili ndizo zilizosumbua: Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika, na Chilo partellus, aliyetoka Asia. Kiwavi akishajichimbia ndani ya shina, dawa ya kunyunyiza haimfikii tena, na wakulima wengi wadogo hawakuwa na uwezo wa kuinunua.

Zeyaur Khan wa ICIPE, akishirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, na watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya wakati huo, alianzia porini. Bungua wa Kiafrika aliishi kwenye nyasi za mwituni karne nyingi kabla ya mahindi kuletwa barani, hivyo nyasi hizo zilifanyiwa majaribio, moja baada ya nyingine. Nepia ilitia fora. Jua linapotua hutoa kwa wingi harufu inayowavutia nondo kutaga, lakini viwavi wakitoboa shina lake hunaswa na utomvu wenye kunata, na wachache tu hufikia utu uzima. Wazo la kusukuma na kuvuta wadudu kwa pamoja lilikuwa limependekezwa Australia mwaka 1987 kwa ajili ya pamba. Mbita ililigeuza kuwa mpangilio wa shamba.

Kwa upande wa kusukuma, nyasi za molasi zilitangulia. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa, zaidi ya kumfukuza nondo, nyasi hizo huwaita nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi wa bungua. Baadaye, katika kujaribu mimea ya jamii ya kunde, lilionekana jambo ambalo halikutarajiwa: penye desmodiamu, striga ilipungua sana. Gugu hili, ambalo Wajaluo huliita kayongo, hunyonya mizizi ya mahindi, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili: moja huamsha mbegu za kayongo, nyingine huzuia kimizizi chake kushika mahindi, kwa hiyo mche hufa. Desmodiamu pia huongeza naitrojeni udongoni, na pamoja na nepia huwa malisho ya ng'ombe na mbuzi.

Miaka ya 2000 nepia ya magharibi mwa Kenya ilishambuliwa na ugonjwa wa kudumaa. Ukame nao uliongezeka. Ndipo lilipoundwa toleo linalostahimili ukame: nyasi za brakiaria zilichukua nafasi ya nepia, na desmodiamu ya majani ya kijani nafasi ya ile ya majani ya fedha. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, mashamba yenye mpangilio huu yalikutwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mmea.

Faida nyingine ilionekana kwenye gunzi. Matundu ya bungua ni mlango wa kuvu za Fusarium na Aspergillus, zinazoozesha mahindi na kuacha sumukuvu. Uzito wa tatizo hilo ulidhihirika mwaka 2004, aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, ilipoua watu 125 mashariki mwa Kenya. Utafiti uliofanywa magharibi mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kuwa mahindi ya sukuma-vuta yalioza kidogo na kuwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi yaliyopandwa peke yake.

Mbinu ina gharama zake. Mbegu za desmodiamu ni ghali, ingawa mmea huu huoteshwa pia kwa vipande vya shina, na msimu wa kwanza hudai palizi nyingi mpaka utande. Vilevile hailindi mahindi yakishavunwa: kuvu huendelea ghalani ikiwa punje hazikukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5.