Mnarani Nungwi: Kamati ya wanakijiji iliyomtetea kasa, na funzo lake kwa Matemwe

Machi 2024 katika Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, Pemba, watu tisa walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Wanane kati yao walikuwa watoto. Wengine 78 walilazwa hospitali. Msiba huo haukuwa wa kwanza. Novemba 2021 watu saba walikufa kisiwani Pemba kwa chanzo hicho hicho, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Sumu iliyomo katika nyama hiyo inadhaniwa kutoka kwenye mwani wenye madhara anaokula kasa. Haionekani kwa macho, haitoki kwa kuchemshwa, na dawa yake haijapatikana.

Watu wanauliza kwa nini kasa angali analiwa ilhali sheria ilimkataza zamani. Swali la haki, lakini kuna la pili linalosahaulika: zile sehemu ambazo watu waliacha kumla, waliachaje? Kaskazini mwa Unguja jibu lake linapitia Nungwi, kwenye bwawa la Mnarani. Hapo mwaka 1993 wanakijiji walijikusanya kwa hiari yao wakaanzisha hifadhi ya kasa. Mwaka 2023 kazi hiyo ilitimiza miaka 30. Makala haya yanafuata zaidi maelezo ya Mnarani wenyewe, jinsi yanavyosimuliwa kwa wageni wanaofika pale, na yameandikwa kwa kuwafikiria hasa watu wa Matemwe, majirani zao wa wilaya hiyo hiyo ya Kaskazini A, ambao wanatazamana na Mnemba, kisiwa ambacho kasa bado wanapanda kutaga.

Uvuvi wa kasa katika pwani hii ni wa kale kuliko miji yetu. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wataalamu wengine wanakifikiria kuwa Unguja, wengine Pemba au Mafia. Mwandishi aliona mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya kushonwa kwa kamba, akaona pia wenyeji wakitega vikapu kwenye milango ya maji kati ya miamba ili kunasa kasa. Biashara ya magamba ya ng'amba, aina mojawapo ya kasa, ilidumu karne nyingi baada ya hapo. Magamba yalipelekwa India, Arabuni na Ulaya kutengenezwa vitana, vikuku na visanduku, na nyama ikabaki hapa hapa kijijini.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa hali ya juu. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Uingereza mjini Unguja, alipeleka London maelezo ya namna wavuvi wa pwani hii walivyomtumia chazo kuvulia kasa, nayo yakachapishwa na Jumuiya ya Zuolojia ya huko. Chazo ni samaki mwembamba mwenye kibandiko juu ya kichwa, ambaye kwa kawaida husafiri kwa kujibandika kwenye papa na kasa. Mvuvi humfunga kamba mkiani, akaenda naye baharini. Kasa akizuka kuvuta pumzi, chazo hutoswa majini, akakimbilia lile gamba na kujibandika. Kasa akipiga mbizi, kamba hulegezwa, akitulia, huvutwa. Kadiri chazo anavyovutwa kwa nyuma ndivyo kibandiko kinavyozidi kushika, na mvuvi anayeijua kazi yake humchosha kasa polepole mpaka amfikishe ubavuni mwa chombo.

Mtu hawezi kuvua hivyo bila kujua kasa analishia wapi, anapumzika chini ya mwamba gani, na huvuta pumzi baada ya muda gani. Elimu hiyo haikuwa ya ofisini. Ilikaa vichwani mwa wavuvi, ikarithiwa na watoto wao. Ndiyo maana hifadhi yoyote ya kasa iliyotaka kufanikiwa katika visiwa hivi ililazimika kuanza na wavuvi hao hao.

Karne ya 20 ilileta nyuzi za nailoni, na ufundi ukapungua thamani. Nyavu za matundu makubwa kama jarife na likembe hutegwa usiku kucha. Kasa akinasa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, hufa maji. Serikali ya Mapinduzi ilipitisha Sheria ya Uvuvi ya 1988, na kanuni zilizofuata zikapiga marufuku kumvua kasa na kuchukua mayai yake. Tanzania ilikuwa tayari imejiunga na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini tangu 1979. Karatasi zilikuwepo zote. Kwenye diko, hata hivyo, kasa aliyeingia wavuni alibaki kuwa kitoweo cha familia na fedha ya mnada, na askari wa kumzuia mvuvi saa kumi alfajiri hakuwepo.

Katika hali hiyo ndipo Mnarani ilipozaliwa. Jina linatokana na mnara wa taa wa Ras Nungwi, uliojengwa 1886 zama za Sayyid Barghash. Karibu na mnara huo kuna bwawa la asili ndani ya mwamba wa matumbawe. Halina mfereji wa kuchimbwa. Maji ya bahari huingia kwa nyufa za chini ya mwamba. Bahari ikijaa nalo hujaa, ikipwa nalo hushuka. Ukisimama ukingoni utaona kasa wakizuka mmoja mmoja, pua kwanza, kwa pumzi fupi yenye sauti, kisha kichwa kinazama na gamba linapita chini ya miguu yako. Pembeni yapo matangi na mabeseni ya vifaranga.

Utaratibu ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Mvuvi aliyenasa kasa bila kukusudia alitakiwa amlete Mnarani badala ya kumchinja, naye akapewa fidia kidogo. Kasa alipimwa, akawekwa bwawani, aliyejeruhiwa akauguzwa, na baadaye wakubwa wakaachiwa baharini wakiwa wamewekewa vibati vya utambulisho. Viota vilivyotagwa mahali pa hatari vililindwa au vikahamishwa. Fedha za kiingilio cha wageni zilinunua chakula cha kasa, zikalipa fidia, na sehemu yake ikaingia kwenye mahitaji ya kijiji, skuli zikiwemo.

Nungwi ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi. Mjumbe wa kamati ya Mnarani anayesimama mbele ya mvuvi na kumwambia asimchinje kasa anaongea na shemeji yake, au na mtu waliyecheza naye utotoni. Kesho yake watakutana msikitini, na mwezi ujao watakuwa pamoja kwenye harusi. Akisema uongo kuhusu fidia, kijiji kizima kitajua kabla ya adhuhuri. Hiyo ndiyo nguvu ya kamati za kujitolea, na ndiyo dhiki yake pia. Hazina bunduki wala boti ya doria. Mtaji wao ni kuaminiwa, nao humalizika siku moja ukichezewa.

Ugomvi mkubwa ulihusu fidia yenyewe, na haujaisha hadi leo. Wapinzani wana hoja nzito: ukimlipa mvuvi kwa kila kasa anayemleta, unamfundisha kutafuta kasa. Pesa ikizidi bei ya samaki, wavu utategwa kwa makusudi, na hifadhi itakuwa mnunuzi mpya sokoni. Watetezi nao wanajibu kwamba mvuvi maskini aliyepoteza wavu na usiku mzima hawezi kuambiwa arudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya mnyama ambaye babu yake alimla.

Uzoefu wa jirani zetu unaonyesha kwamba fidia inaweza kusimama ikipimwa vizuri. Huko Watamu, Kenya, shirika lililoanza 1997 limewekeana mapatano na wavuvi: wakinasa kasa wanapiga simu, anafika mtu, kasa anapimwa na kuandikwa, kisha anarudishwa baharini. Malipo ni madogo, yanafidia muda na wavu ulioharibika, hayamfanyi mtu tajiri. Kwa njia hiyo kasa zaidi ya 20,000 wamerudishwa majini. Siri iko kwenye daftari. Kila kasa huandikwa, hivyo hesabu yake inaweza kukaguliwa.

Hoja ya pili ni vifaranga. Kasa jike hutaga mayai mia moja hivi kwa mkupuo mmoja, yanaanguliwa baada ya miezi miwili, na inakadiriwa kuwa kifaranga mmoja kati ya elfu ndiye anayefikia utu uzima, baada ya miaka 20 au zaidi. Kwa moyo wa huruma, wengi wanaona bora wakuzwe kwanza kwenye mabeseni wapate nguvu. Wataalamu wengi leo wanashauri kinyume: kifaranga aachwe ajiendee mwenyewe kutoka kiotani hadi majini, usiku ule ule. Safari hiyo fupi inaaminika kumsaidia kuijua pwani ambayo jike atairudia miaka mingi baadaye kutaga. Akikaa beseni anazoea kulishwa, na msongamano humletea maradhi.

Hoja ya tatu ni mpya na inaumiza zaidi. Utalii umekua, na Nungwi yamezuka mabwawa ambamo wageni huogelea na kasa, wakiwashika na kupigwa nao picha. Mafuta ya ngozi yanabaki majini, mnyama hapumziki, na kumwachia baharini kunakuwa hasara kwa anayeuza tiketi. Mahali pa kumponya kasa pakigeuka mahali pa kumfungia, kazi iliyoanzishwa 1993 itakuwa imepinduliwa kwa jina lake lenyewe. Hili kamati hazina budi kulikataa wazi, hata kama mapato yatapungua.

Matemwe ina historia yake, iliyopita njia nyingine. Mnemba ilikodishwa kwa mwekezaji wa hoteli ya kifahari mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wakazuiwa kuvua karibu na kisiwa. Kwa kasa lilikuwa jambo la heri, maana ufukwe ulitulia na viota vikaanza kuhesabiwa. Wavuvi wa Matemwe na vijiji vya jirani waliliona kwa jicho lingine: bahari ya wazee wao ilipata mwenyewe bila wao kuulizwa. Mwaka 2002 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mnemba, inayohusisha miamba ya huko, kukawa na ada kwa wageni na kamati za wavuvi za vijiji. Tangu hapo mabishano yamekuwa juu ya fedha: kiasi gani kinakusanywa, kiasi gani kinarudi kijijini, na nani anaamua.

Ukiziweka Mnarani na Mnemba pamoja unaona tofauti. Kasa wa Mnemba walilindwa na mkataba na walinzi, wale wa Nungwi wakalindwa na makubaliano ya majirani. Njia zote mbili zimefaa, lakini mlinzi anaishia mpaka wa kisiwa, na kasa haujui mpaka huo. Duvi, aina nyingine ya kasa, waliowekewa vibati Afrika Kusini wamewahi kupatikana katika maji ya Zanzibar. Kasa anayetaga Mnemba leo kesho atakuwa analisha mbele ya Matemwe, Kigomani au Nungwi, na uhai wake utategemea uamuzi wa mvuvi mmoja asiyeonekana na mtu.

Pemba nako kuna somo. Kisiwani Misali, mwishoni mwa miaka ya 1990, masheikh na wavuvi walikaa pamoja kuzungumza uhifadhi kwa misingi ya Uislamu, kwamba mwanadamu ni mwenye amana juu ya viumbe na israfu imekatazwa. Maneno hayo yaliingia masikioni ambamo vifungu vya sheria vilikuwa vimegonga mwamba. Laiti mazungumzo ya namna hiyo yangeendelezwa kwa nguvu ile ile katika kila shehia ya pwani, huenda yangefika mapema kwenye nyumba zilizopata msiba.

Katika miaka ya karibuni serikali imeupa uchumi wa buluu nafasi ya mbele, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini uchumi huo una viongozi wasio na mshahara, na ni nadra kuwasikia kwenye hotuba. Ni wajumbe wa kamati wanaoamshwa usiku kwa simu kuwa kasa amenasa, wanaogombana na ndugu zao kwa ajili ya mayai yaliyofukiwa mchangani, na wanaoshutumiwa kula fedha hata pale ambapo hakuna fedha ya kula. Majina yao hayamo vitabuni. Skuli zetu zinafundisha habari za mabaharia na masultani, na mtoto wa Matemwe anamaliza darasa la mwisho bila kuambiwa kuwa wanakijiji wa wilaya yake walianzisha hifadhi ya kasa kabla ya mashirika mengi makubwa kufika.

Wanachostahili kinajulikana. Hesabu za kamati zikaguliwe na zibandikwe kwa sheha kila mwaka, ili wajumbe waaminifu wasichafuliwe na wasio waaminifu waondoke. Idara ya uvuvi iwapelekee daktari wa mifugo na mtaalamu wa kasa kwa ratiba inayoeleweka. Kuogelea na kasa waliofungiwa kupigwe marufuku. Vifaranga waende baharini usiku wao wa kwanza. Na ada za Mnemba zinapojadiliwa, wavuvi wa Matemwe wawe mezani tangu mwanzo, wakiwa na kura. Wanaijua bahari ile kuliko yeyote atakayekaa mkabala nao, na siku ambayo kasa ataingia wavuni mbali na macho ya walinzi, ni wao watakaoamua kama atachinjwa au ataachiwa.