Getembe na Dini Isiyoacha Jiwe

Kila zinapotajwa habari za dini ya Mumbo katika nchi ya Abagusii, hunenwa mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba ilikuwa wazimu uliotoka Ziwa Victoria ukapanda milimani, na kwamba wazimu huo ndio uliouteka nyara mji wa Kisii mnamo Septemba 1914. La kwanza ni matusi, na matusi hayahitaji jawabu; la pili ni tuhuma, nayo imekaririwa miaka mingi bila ya ushahidi kuwekwa mezani, hata imehesabiwa kuwa taarikhi.

Asili ya dini hiyo yajulikana. Mwaka 1913, huko Alego, Onyango Dunde alisimulia ya kuwa joka kubwa la Ziwani, Mumbo, lilimmeza, likamtapika mzima, kisha likamwamuru awatangazie watu kuwa dini ya Wazungu imeoza, na kuwa Wazungu wenyewe karibu watatoweka. Basi wafuasi wasikate nywele, wala wasijisumbue kulima, kwa kuwa neema itawashukia bila jasho. Mwaka uliofuata maneno hayo yalikuwa yamekwisha kufika Gusii.

Lakini Gusii haikuwa ikingoja joka liifundishe kuwachukia watawala. Kabla ya bendera ya Kiingereza kutwekwa Getembe, yaani mahali palipojengwa mji wa Kisii, Sakawa, mtabiri wa Kitutu, alikwisha kuwaonyesha watu, kwa mujibu wa hikaya za wazee, penye kusimama majumba ya wageni wasiojulikana bado. Naye alipotoweka, walibaki waliosema kuwa hakufa, atarudi. Northcote, afisa wa Kiingereza, alikuja kuanzisha boma mwaka 1907, na Januari 1908 Otenyo wa Kitutu, aliyetiwa ghera na mtabiri Moraa, akamchoma mkuki. Northcote akapona, hata akaishia kuwa Gavana wa Hong Kong. Waliolipia mkuki ule ni watu wa Kitutu, waliochomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe na majeshi yaliyotumwa kuwaadhibu.

Miaka sita baadaye ndipo ilipotukia ile Septemba ninayoitetea. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wao, wakauingia mji wa Kisii, ambao maafisa wa Kiingereza walikuwa wameuacha. Tarehe 12 askari wa King's African Rifles wakawashambulia, Kapteni Thornycroft akauawa, na Wajerumani nao, baada ya hasara kubwa, wakarejea walikotoka. Katika pengo lile, ilhali wenye bunduki wa pande zote mbili wamekwisha ondoka, watu waliingia mjini wakapora afisi za serikali na maduka ya Wahindi, na misheni nazo hazikusalimika, Nyabururu ya Wakatoliki na Nyanchwa ya Waadventista.

Je, walihitaji joka? Mtu aliyechomewa nyumba mwaka 1908, akalipishwa kodi, kisha akawaona wakubwa wake wakiuacha mji na vilivyomo, hakosi sababu ya kuingia dukani. Sikatai kuwa walikuwamo waliomwamini Mumbo, na wengi zaidi waliomkumbuka Sakawa. Nakataa kuwa imani ndiyo iliyovunja milango. Naona mambo yalikwenda kinyume: ni ile adhabu iliyofuata, ya faini za ng'ombe na vijana kuchukuliwa kazi kwa nguvu, iliyompa Mumbo masikio mengi milimani, kwa kuwa aliyekwisha kunyang'anywa husikiliza kwa hamu habari ya ng'ombe watakaoletwa bure.

Waandishi wamegawanyika. Makala ya mwaka 1930, iliyotiwa sahihi ya Nyangweso, yaisimulia dini hii kwa dharau. Ogot na Ochieng', mwaka 1972, waliipandisha daraja wakaiita harakati ya kuupinga ukoloni. Na Brett Shadle, mwaka 2002, akawatanabahisha wasomaji kuwa palikuwapo pia utafutaji wa walinzi na riziki, si siasa tupu. Huyu wa mwisho namwona karibu na insafu, ingawa ushahidi wake, kama wa wenziwe, umetoka kwa sehemu kubwa katika mikono ya wapinzani wa Mumbo.

Hapa nakumbuka dini ya Mithras ya dola ya Kirumi, ambayo nayo haikuacha kitabu, na ambayo wanazuoni wa Kikristo, Justin na Tertullian, waliishutumu kuwa ni shetani kaiga karamu yao takatifu. Lakini Mithras alikuwa na waashi. Mahekalu yake ya chini kwa chini, na sanamu yake akimchinja fahali, yamefukuliwa hata chini ya kanisa la San Clemente mjini Roma, basi wataalamu wa leo waweza kuwasahihisha wale maadui. Mumbo hakujenga, wala asitokee mtu akaniletea lile shimo liitwalo Engoro ya Mwaga katika majabali ya Manga, upande wa Nyamira, kwani heshima ya shimo lile ina asili yake mbali. Tena Mithras aliwafungia wanawake mlango, hali Gusii hata mwanamke, Bonairiri, aliinuka kunena kwa roho ya Sakawa.

Yaliyobaki ni machache. Mnamo 1921 viongozi walihamishwa kwa nguvu hadi pwani. Dini ikazimika na kuwaka tena. Mwaka 1954, mwaka ule ule maelfu walipopanga foleni mjini London kutazama hekalu la Mithras lililofukuliwa Walbrook, serikali ya Kenya iliitia Mumbo katika orodha ya jumuiya zilizopigwa marufuku. Uhuru ukaja, Nyamira ikatengwa na Kisii, na Getembe ikawa mji wa mabenki, matatu na soko la Daraja Mbili. Na atakaye kusoma habari za Mumbo hana budi kusafiri hadi Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa, akafungue majalada ya serikali ile ile ambayo afisi zake ziliporwa.