Sarafu ya Kale ya Dhahabu kwa Mwenye Akiba Ndogo: Namna ya Kuichagua na Kuinunua kwa Halali



Wapo ndugu zetu wa Visiwani wenye vijana wanaotafuta riziki Isongole, wilayani Ileje katika mkoa wa Songwe, mpakani na Malawi. Hutokea kijana akapiga simu: kuna mtu anauza sarafu ya kale ya dhahabu, “ya Mjerumani”, kwa bei nzuri, tumeni fedha, nitaipakia kwenye basi. Nyumbani kuna akiba kidogo. Je, inunuliwe? Na ikinunuliwa, vipi mtu asidhulumiwe wala asiingie katika riba? Haya ndiyo ya kuyajua kabla ya kutoa shilingi.

Ipi ni dhahabu, ipi si dhahabu

Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ipo kweli. Ni rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ina tai, upande wa pili tembo mbele ya mlima, mwaka 1916 na herufi T. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu tu ya uzito huo ndiyo dhahabu safi. Zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huo huo Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji. Leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Basi anayekuuzia kwa bei ya simu ya mkononi, ama hajui alichonacho ama anajua vizuri kuwa si yenyewe.

Inayowachanganya wengi ni heller 20 ya Tabora ya 1916. Baadhi yake zilipigwa kwa shaba ya manjano, na ikisuguliwa hung'ara kama dhahabu. Juu yake pana taji na herufi D.O.A., na nyuma pameandikwa 20 HELLER. Hiyo ni sarafu ya kumbukumbu, haina dhahabu hata chembe.

Kwa upande wa Visiwani, Sayyid Barghash alipigisha riyali za dhahabu mwaka 1299 Hijria (1882), lakini ni adimu mno. Na dinari za dhahabu zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, pamoja na sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ni urithi wa umma. Mwenye akiba ndogo asiyatafute haya mitaani.

Inayomfaa mwenye akiba ndogo

Kwa maoni yetu ni pauni ya dhahabu ya Kiingereza, au nusu yake. Zilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo miaka ya kawaida ya wafalme Edward wa Saba na George wa Tano huuzwa karibu na thamani ya dhahabu yake. Baadhi zilipigwa Afrika Kusini, nazo zina herufi SA.

Vipimo vyake havibadiliki: gramu 7.98, upana milimita 22.05, unene milimita 1.52, karati 22. Iliyochakaa hupungua kidogo tu. Pima vyote vitatu kwa pamoja, kwani shaba ya manjano yenye upana na unene huo haifiki hata gramu 4. Usitegemee sumaku, maana shaba nayo hainasi. Kisha mpelekee sonara asiyehusika na mauzo.

Hesabu ya bei ni nyepesi. Dhahabu safi ndani ya pauni ni gramu 7.32. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Kinachozidi hapo ndicho unacholipia ukale. Ikiwa ziada ni kubwa na muuzaji hana sababu ya kueleza, iache.

Hukumu ya kununua

Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilikubali kuwa noti zina hukumu ya dhahabu na fedha. Kwa hiyo kununua dhahabu kwa shilingi ni lazima iwe mkono kwa mkono, katika kikao kimoja. Kutuma fedha leo na sarafu kufika Unguja baada ya siku tatu hakufai, wala kulipa kidogo kidogo hakufai.

Njia iliyo sahihi ni uwakala. Mtumieni kijana fedha kwanza kama wakili wenu. Yeye akae na muuzaji na sonara, apime, alipe na aipokee sarafu papo hapo. Akilipa kwa simu, malipo yawe yamefika kwa muuzaji kabla hawajaachana. Baada ya hapo sarafu ni yenu, na kuisafirisha ni amana tu.

Tahadhari nyingine ni kwa akina mama wanaotaka kubadilisha bangili na sarafu. Dhahabu kwa dhahabu lazima ilingane uzito, na ukale hauhalalishi ziada. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwakataza waliobadilishana tende nyingi duni kwa chache bora, akawaelekeza wauze zile kwa fedha kisha wanunue nyingine. Basi uza bangili, pokea shilingi, kisha nunua sarafu kwa bei mtakayoridhiana. Ukilipa kwa shilingi, kulipia ukale hakuna ubaya.

Baada ya kuimiliki

Sarafu iliyowekwa sandukuni si pambo la kuvaliwa, hivyo ina Zaka. Niswabu ni gramu 85 za dhahabu safi, yaani karibu pauni 12. Aliye na pungufu asijione amesalimika, kwani wanazuoni wengi wa zama hizi wanajumlisha dhahabu na akiba ya fedha. Ikitimia na ukapita mwaka, toa asilimia 2.5.

Kuhusu picha za wafalme, Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Kirumi zenye sura, mpaka Khalifa 'Abdul-Malik bin Marwan alipopiga dinari ya maandishi matupu mwaka 77 Hijria. Ihifadhi, ila usiitundike ukutani.

Muulizeni pia muuzaji ameipata wapi. Anayesema ameifukua shambani kwa mtu, au anataka ivushwe mpaka kwa siri, mwacheni. Tanzania Bara, vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali.

Na akiba ikiwa ni ya ada ya skuli, deni au safari ya Hijja, basi ibaki pale pale. Sarafu ya kale ni kitu cha ziada, na haki za watu hutangulia.

Na Allaah Anajua zaidi.